Kabla ya kuhesabu vidonge vya Kichina, jua ni vya aina gani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tueleze jambo moja kuhusu dawa za Kichina. Mnunuzi huingia dukani na jina la dawa, akapewa boksi na kuambiwa “nane mara tatu” au “kimoja asubuhi, kimoja jioni”. Boksi likiisha huenda duka jingine, akapewa dawa ya jina lilelile, naye akaendelea na hesabu ileile ya zamani. Hapo ndipo dozi inapoharibika, kwa sababu dawa moja ya Kichina hutengenezwa kwa aina tatu au nne za vidonge, na kila aina ina hesabu yake.

Dawa hizi si ngeni kwetu. Madaktari wa China walifika Zanzibar miaka ya 1960 na Tanzania Bara mwaka 1968. Mwaka 1987 wataalamu wao walianza kushirikiana na Muhimbili kuwatibu wagonjwa wa UKIMWI kwa dawa za asili za China, na miaka ya 1990 kliniki binafsi zikaenea Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Lakini maboksi mengi bado yameandikwa Kichina mwanzo hadi mwisho, na muuzaji mara nyingi anajua bei na ugonjwa tu.

Tuchukue mfano wa Liuwei Dihuang Wan, ambayo huku huuzwa kama “dawa ya figo” au ya nguvu. Asili yake ni daktari wa watoto wa enzi ya Song, Qian Yi, ambaye maandishi yake yalitoka mwaka 1119. Alichukua dawa ya kale zaidi iliyotungwa na daktari Zhang Zhongjing, akaondoa mdalasini na mzizi mkali wa fuzi, zikabaki mitishamba sita: rehmannia iliyopikwa sehemu 8, tunda la shanzhuyu sehemu 4, kiazi kikuu cha Kichina sehemu 4, na fuling, zexie na mudanpi sehemu 3 kila kimoja. Mchanganyiko ni huohuo kwenye kila boksi. Kinachobadilika ni namna unga wake unavyoshikanishwa kuwa kidonge.

Kidonge kikubwa cha asali, da mi wan (大蜜丸), kina uzito wa gramu 9 na upana unaozidi sentimita 2. Kila gramu 100 za unga wa dawa huchanganywa na gramu 80 hadi 110 za asali iliyochemshwa. Kwa hiyo ndani ya kidonge kimoja mna unga wa gramu 4.3 hadi 5 tu, kinachobaki ni asali. Dozi ni kidonge 1 mara mbili kwa siku. Kidonge cha maji na asali, shui mi wan (水蜜丸), ni punje ndogo nyeusi zilizokaushwa, na gramu 100 za unga hupewa asali gramu 35 hadi 50 pekee. Dozi yake ni gramu 6 mara mbili, ambazo zina unga wa gramu 4 hadi 4.4. Katika chupa ambazo punje 5 zina uzito wa gramu 1, gramu 6 ni punje 30. Kidonge kilichokolezwa, nongsuo wan (浓缩丸), hutengenezwa kwa kuchemsha sehemu ya mitishamba, kupunguza maji yake hadi yawe mazito, kisha kuyachanganya na unga uliobaki. Punje 8 zake zina uzito wa gramu 1.44, lakini zinabeba nguvu ya gramu 3 za mitishamba mikavu. Dozi ni punje 8 mara tatu.

Ukijumlisha, kila aina humfikisha mgonjwa kwenye takriban gramu 9 za mitishamba kwa siku. Kwa hiyo “kidonge kimoja”, “punje 30” na “punje 8” ni dozi ileile iliyofungwa kwa njia tofauti.

Sasa tazama kinachotokea mtu akichanganya. Aliyezoea punje 8 za kukolezwa akipewa chupa ya punje za maji na asali, naye akameza 8, amepata gramu 1.6 badala ya 6, karibu robo tu. Baada ya mwezi atasema dawa ya Kichina haifanyi kazi. Aliyezoea punje 30 akipewa za kukolezwa akameza 30 mara mbili, amefikia nguvu ya gramu 22.5 kwa siku, mara mbili na nusu ya dozi. Kwa Liuwei Dihuang matokeo yake huwa tumbo kujaa, kukosa hamu ya kula na kuharisha, kwa sababu rehmannia ni nzito tumboni. Kosa hilohilo likifanywa kwenye dawa yenye fuzi, kwa mfano Fuzi Lizhong Wan, ni hatari. Fuzi ni mzizi wa jamii ya akoniti, na sumu yake huanza kwa ganzi ya midomo na ulimi, kisha moyo kwenda mbio au kupiga bila mpangilio. Mtu akihisi ganzi hiyo aache dawa na aende hospitali mara moja, boksi likiwa mkononi.

Hata asiyejua Kichina anaweza kusoma boksi akijua mahali pa kutazama. Tafuta alama 【规格】, hapo huandikwa uzito wa kidonge au wa punje kadhaa. Kisha tafuta 【用法用量】, hapo huandikwa matumizi. Ukiona 一次8丸，一日3次, maana yake ni kila mara punje 8, kila siku mara 3. Herufi inayofuata tarakimu ndiyo ya kuangalia sana: 丸 au 粒 ni kidonge au punje, g ni gramu, 袋 ni mfuko, 片 ni tembe bapa. Wengi huona “6” wakameza punje sita, kumbe pameandikwa 6g. Kama ni gramu na hakuna kifuniko cha kupimia, pima mara moja kwa mizani ndogo ya vito au ya jikoni inayosoma sehemu za gramu, hesabu punje zilizopatikana, kisha andika idadi hiyo juu ya chupa. Kijiko cha chai hakiaminiki, maana punje za viwanda viwili hazilingani.

Kidonge kikubwa cha asali kina matatizo yake. Huja ndani ya gamba la nta au la plastiki la vipande viwili, na ndani ya gamba mna karatasi laini. Gamba na karatasi haviliwi. Lipasue gamba la nta kwa kulibana kwenye maungio yake, toa kidonge, kibandue karatasi, kisha kitafune pole pole ukisindikiza na maji ya uvuguvugu. Kwa mzee asiye na meno, kikate vipande vidogo kwa kisu kisafi na uvifinyange viwe punje, au ukiponde ndani ya kikombe chenye maji ya moto hadi kilainike, anywe pamoja na mashapo. Kukimeza kizima ni kujitafutia kukabwa. Na hata kikipita salama, kimeng’ang’ana kwa asali na huchelewa kuachia dawa tumboni. Vipimo vya kiwandani hutaka punje ndogo za asali, za maji na asali na za maji (zisizo na asali) zivunjike ndani ya saa 1. Vilivyokolezwa huruhusiwa hadi saa 2, na vidonge vya matone, tutakavyovieleza mbele, hupewa dakika 30. Kidonge kikubwa cha asali hakina muda wa namna hiyo, kwa sababu kinategemewa kutafunwa.

Hapo pia inajulikana kwamba kukolezwa hakumaanishi kasi. Faida yake ni wepesi wa kumeza na kuwa na asali kidogo au kutokuwa nayo kabisa. Mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge viwili vikubwa vya asali anakula gramu 8 hadi 9.4 za asali kila siku, zaidi kidogo ya kijiko cha chai. Kwake tungechagua vilivyokolezwa, au vidonge vya maji, shui wan (水丸), ambavyo hushikanishwa kwa maji, siki au pombe ya mchele bila asali. Vya maji ndivyo vya kawaida kwa dawa za siku chache, kama Baohe Wan ya tumbo lililojaa baada ya kula kupita kiasi: gramu 6 hadi 9 mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Za kujenga mwili, kama Liuwei Dihuang, humezwa kabla ya kula, na mtu akipata mafua yenye homa azisimamishe hadi apone. Zote ni kwa maji ya uvuguvugu. Chai ya rangi na maziwa si vya kumezea dawa.

Vidonge vya matone, di wan (滴丸), ni vidogo sana na hufanya kazi hasa vikiwekwa chini ya ulimi. Suxiao Jiuxin Wan ya moyo, yenye mzizi wa chuanxiong na bingpian (aina ya kafuri), huja katika kichupa chenye umbo la kibuyu. Kila punje ni miligramu 40. Matumizi ya kila siku ni punje 4 hadi 6 mara tatu, na maumivu ya kifua yakishika ghafla ni punje 10 hadi 15 chini ya ulimi. Fufang Danshen Diwan ni miligramu 27 kwa punje, na dozi ni 10 mara tatu. Bingpian hupotea hewani, kwa hiyo kichupa kilichoachwa wazi hubaki na punje zisizo na harufu wala ubaridi ulimini, na hizo si za kutegemea. Tunasisitiza: maumivu ya kifua yakipita dakika chache, punje zisimcheleweshe mgonjwa nyumbani. Safari ya hospitali ianze huku punje zikiwa chini ya ulimi. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse mizizi ya danshen wala danggui bila daktari wake kujua, maana damu huweza kuvuja ndani kwa ndani.

Kuhusu kuchagua, jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Liuwei Dihuang hulenga mtu anayehisi joto viganjani, anayetoka jasho usiku, mwenye kizunguzungu na kiuno dhaifu. Mwenye miguu baridi na mkojo mwingi mweupe hupewa ile ya kale yenye mdalasini na fuzi. Joto likizidi, huongezwa zhimu na huangbai, ikaitwa Zhi Bai Dihuang. Macho yakikauka na kuona ukungu, huongezwa gouqi na juhua, ikaitwa Qi Ju Dihuang. Maboksi yake hufanana, na jina hutofautiana kwa silabi mbili za mwanzo. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotibu figo zilizoshindwa kazi. Aliyeambiwa hospitali kwamba figo zake zimedhoofika asinunue dawa ya mitishamba yoyote kabla daktari wake hajaona orodha ya vilivyomo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliopewa vidonge vya kupunguza mwili vyenye mmea wa jamii ya Aristolochia waliharibikiwa figo moja kwa moja. China nayo ilipiga marufuku guanmutong, wa jamii hiyohiyo, mwaka 2003, na Longdan Xiegan Wan ikabadilishiwa mmea. Boksi la zamani lenye jina hilo litupwe.

Kuna dawa ambazo mnunuzi hudhani ni majani matupu, kumbe zina dawa za hospitali ndani yake, na si kwa siri: zimeandikwa kwenye 【成份】, yaani vilivyomo, ila kwa Kichina. Xiaoke Wan ya kisukari ina miligramu 2.5 za glibenklamaidi katika kila punje 10. Anayemeza punje 10 mara tatu amekula miligramu 7.5. Akiongeza na glibenklamaidi aliyoandikiwa kliniki, sukari hushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Apewe maji ya sukari mara moja kama anaweza kumeza, halafu apelekwe hospitali hata akizinduka, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini na sukari huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa. Zhenju Jiangya Pian ya presha ina klonidini na haidroklorothiazaidi, na klonidini ikiachwa ghafla presha hupanda kwa nguvu. Tembe za mafua za Yinqiao zenye vitamini C zina parasetamoli miligramu 105 na klorofenamini kila moja, kwa hiyo zihesabiwe pamoja na Panadol, na dereva wa bodaboda ajue kwamba huleta usingizi. Dawa za mafua zisipomsaidia mtu kwa siku 3, apimwe.

Nyingine zina madini. Niuhuang Jiedu, inayouzwa kwa vidonda vya mdomo na koo, kwa asili ina xionghuang, ambayo ni aseniki na salfa. Angong Niuhuang Wan ina xionghuang na pia zhusha, yenye zebaki. Hii ya pili ilitungwa na Wu Jutong wa enzi ya Qing kwa mgonjwa mwenye homa kali aliyepoteza fahamu, kidonge kimoja cha gramu 3 kwa siku, chini ya macho ya daktari. Kuinywa kila msimu ili “kuzuia kiharusi” ni kujilimbikizia zebaki na aseniki bila sababu. Mama mjamzito na anayenyonyesha asiziguse zote mbili, na mtoto asipewe bila daktari. Na muuzaji akijisifu kwamba Angong yake ina pembe ya faru, ama anadanganya ama anauza haramu: China ilipiga marufuku pembe ya faru mwaka 1993, na mahali pake hutumika pembe ya nyati-maji.

Dawa mbili za Kichina nazo huweza kugombana. Kanuni ya kale ya Wachina hukataza fuzi na wutou, wa jamii hiyohiyo ya akoniti, kukaa pamoja na mitishamba ya banxia, gualou, beimu, bailian na baiji. Mfano tunaouona sana ni mtu anayemeza Fuzi Lizhong Wan kwa tumbo na papo hapo anakunywa dawa ya kikohozi ya Chuanbei, ambayo beimu ndiyo msingi wake. Gancao, mzizi mtamu ulio katika dawa nyingi, hupunguza potasiamu na kupandisha presha ukitumiwa kwa wingi. Ni hatari zaidi kwa anayetumia haidroklorothiazaidi au digoksini ya moyo. Mwenye dawa za hospitali atenganishe kwa saa 1 hadi 2, lakini ajue kwamba kutenganisha hakuondoi mgongano wa warfarini, wala wa dawa za kufubaza virusi. Anayehudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, apeleke boksi huko. Wanariadha wa Iten na Eldoret wajue kwamba Fangfeng Tongsheng Wan, inayotangazwa kwa kupunguza uzito, ina mahuang, chanzo cha efedrini, ambayo mkojoni hairuhusiwi kuzidi mikrogramu 10 kwa mililita wakati wa mashindano.

Kuhusu malaria, tuseme waziwazi. Utafiti ulioanza mwaka 1967 na kumpa mwanasayansi wa China, Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015 ulitokana kweli na mmea wa qinghao, lakini kinachoponya ni kiini kilichotolewa, kikapimwa na kuchanganywa na dawa ya pili. Mtu mzima hutumia ALu, dawa mseto yenye kiini hicho, tembe 4 mara mbili kwa siku 3, jumla 24, pamoja na chakula chenye mafuta, dozi ya pili ikifuata ya kwanza baada ya saa 8. Vidonge vya majani ya qinghao havichukui nafasi hiyo.

Namba ya usajili wa China huanza na 国药准字, kisha herufi na tarakimu 8. Z ni dawa ya asili, H ni dawa ya kemikali. Boksi lenye picha ya kofia ya buluu ni lishe tu, si dawa. Namba hiyo haitoshi bila usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au wa Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Na kidonge “cha asili” kinachoondoa maumivu ya viungo ndani ya saa moja, kikafanya uso uvimbe baada ya wiki kadhaa, huenda kimetiwa deksamethasoni, aina ya steroidi. Vya nguvu za kiume mara nyingi hutiwa sildenafili (dawa iliyomo kwenye Viagra), na kwa anayetumia nitrati za moyo mchanganyiko huo unaweza kuua.

Hifadhi nayo ina sheria zake. Boksi likiandikwa 阴凉处 linataka mahali pasipozidi nyuzi 20. Joto la kawaida kwa vitabu vyao ni nyuzi 10 hadi 30, na chumba cha bati Dar es Salaam mwezi wa Februari hupita hapo. Vidonge vya asali huruhusiwa kuwa na unyevu hadi asilimia 15, kwa hiyo huota ukungu haraka vikifunguliwa mwambao. Vya maji ni asilimia 9, huvumilia zaidi. Usivihamishie kwenye kopo jingine, usitoe kifuko cha kukausha unyevu, na usiache vidonge vya matone ndani ya gari. Kidonge chenye doa jeupe la manyoya, harufu ya kuchacha au vumbi la wadudu hakisafishwi kikaliwa.

Tunaziomba mamlaka za dawa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ziwatake waagizaji wabandike kwenye kila boksi kibandiko cha Kiswahili chenye mistari minne: aina ya kidonge, uzito wa kila kidonge au punje, dozi kwa punje na kwa gramu, na dawa ya hospitali iliyomo kama ipo. Hadi hapo, mnunuzi amtake muuzaji aandike mistari hiyo kwa kalamu kabla ya kulipa. Asiyeweza kuiandika hajui anachouza.

Wafamasia wa duka la rejareja,
Ilala, Dar es Salaam